Ndege ya jeshi ikikuita redioni, umjibu nini rubani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nasimamia kiwanja kidogo cha ndege, cha vumbi, kusini mwa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Tunapokea ndege za watalii na za kubeba wagonjwa. Juzi tumeambiwa helikopta ya jeshi itakuja, na mimi ndiye nitakayeshika redio. Wenzangu wananichanganya. Mmoja anasema jeshi lina lugha yake ya siri, "bingo", "tally", "angels", na raia akiitumia anakamatwa. Mwingine anasema nijibu "Roger" kwa kila kitu, nimalizie na "over and out". Kipi sahihi? Na je, redio kol za walinzi wetu zitawasikia? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimestaafu kuongoza ndege miaka kadhaa sasa, naishi hapa Tabora mtaa wa Kanyenye, na injini ikipita juu bado natoka nje kuitazama. Swali lako limenigusa kwa sababu wenzako wote wawili wamekosea, na kosa la yule wa pili ndilo la kuogopa zaidi. Nianze na hilo.

"Roger" ina maana moja tu: nimepokea yote uliyosema. Haimaanishi ndiyo. Haimaanishi sawa, wala nitafanya, wala njia iko wazi. Ilitokana na herufi R, iliyotumiwa kusema kwamba ujumbe umepokelewa. Katika alfabeti ya matamshi ya Wamarekani na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, R iliitwa Roger. Tarehe 1 Machi 1956 ilianza kutumika alfabeti tuliyo nayo leo, ya Alfa, Bravo, Charlie, na R ikawa Romeo, lakini Roger alikuwa amekwisha kuota mizizi vinywani mwa marubani, akabaki.

Nikusimulie nililoliona kwa macho yangu. Nikiwa kijana nilitumwa kusaidia kwenye kiwanja kimoja cha vumbi huku magharibi. Ndege ya mizigo ya jeshi ikaja mwisho wa kiangazi, yapata saa kumi jioni. Rubani akauliza kama njia ya kurukia haina kitu. Mwenzangu aliyeshika redio, mtu mchapakazi kweli, akabonyeza akajibu "Roger". Alichotaka kusema ni kwamba swali amelisikia na anakwenda kuangalia. Rubani yeye alisikia "ndiyo". Mimi nilikuwa nje, naona kundi la ng'ombe linakata katikati ya njia, mtoto mchungaji nyuma yao na fimbo begani, na ile ndege imekwisha kushusha magurudumu. Nilivua shati nikakimbia nikilipunga. Injini zikanguruma, ndege ikapita juu yetu chini kabisa, vumbi likatufunika, ng'ombe wakatawanyika hadi kwenye mihogo ya watu. Hakuna aliyeumia. Yule mwenzangu alikaa juu ya kreti la soda hakusema neno mpaka jua likazama.

Angesema "Stand by", yaani subiri, nitakuita, rubani angezunguka dakika mbili na mambo yangeishia hapo.

Kwa hiyo shika maneno kwa maana zake, usiyashike kwa mlio wake. Ndiyo ni "Affirm". Wengine husema "affirmative", lakini redio ikikwaruza na mwanzo wa neno ukikatika, mkia wake unafanana mno na mkia wa "negative", ambayo ni hapana; ndiyo maana likafupishwa. Nimeelewa na nitafanya ni "Wilco". Siwezi ni "Unable", na neno hilo usilionee aibu hata kidogo. Hujasikia vizuri, sema "Say again". Usiseme "repeat". Kwa wapiga mizinga neno hilo ni amri ya kufyatua tena kama walivyofyatua mwanzo, na ukiwa unaongea na wanajeshi huna sababu ya kulicheza. Umekosea uliposema, sema "Correction" kisha toa lililo sahihi. Ukitaka mtu akurudishie maneno uliyompa ili uhakikishe ameyapata, ni "Read back". Rubani akikuuliza anasikikaje, jibu kwa namba kuanzia moja hadi tano: moja hasikiki kabisa, tatu anasikika kwa shida, tano anasikika barabara.

Hiyo "over and out" wanayoipenda watu wa sinema inajipinga yenyewe. "Over" ni nimemaliza, nangoja jibu lako. "Out" ni mazungumzo yamekwisha, singoji jibu. Huwezi kumwambia mtu nangoja na singoji kwa pumzi moja. Kwenye redio za ndege za VHF, hizi za kuongea na kiwanja kilicho karibu, hata hiyo "over" mara nyingi huachwa, maana ukiachia kitufe mwenzako anajua umemaliza.

Namba nazo zina desturi yake. Zitamke moja moja: kumi na tano ni "one five", hamsini ni "five zero", maana "fifteen" na "fifty" zimewaponza wengi. Tatu hutamkwa "tri", nne "fowa", tano "faif", tisa "naina". Sisi tuliozaliwa na Kiswahili tuna bahati hapo: kumalizia neno kwa irabu ni mazoea yetu, na irabu ndiyo inayopenya kelele za injini.

Maneno haya ndiyo atakayokujibu nayo rubani wa jeshi pia. Hili wenzako hawakulijua. Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, uliozaa taratibu za usafiri wa anga duniani, unahusu ndege za kiraia. Za jeshi, forodha na polisi zimewekwa kando kama ndege za dola. Lakini mkataba huo huo unazitaka nchi zihakikishe ndege zao za dola zinajali usalama wa ndege za kiraia. Anga ni moja. Helikopta ya jeshi ikija kwenye kiwanja ambako dakika kumi baadaye inatua ndege ya watalii, marubani wote wawili lazima waelewane, kwa hiyo wanaongea lugha moja, ile ya kiraia. Tofauti utakazoziona ni ndogo. Jina la wito la ndege ya jeshi linaweza kuwa neno na namba badala ya 5H, alama ya usajili wa ndege za Tanzania, na herufi zake. Zikija kadhaa kwa mpangilio, anaongea kiongozi peke yake kwa niaba ya wote, nawe unazihesabu kama ndege moja maadamu wenzake hawajamwacha zaidi ya kilometa 1 ubavuni au futi 100 juu na chini.

Sasa hizo "bingo" na "tally". Ni kweli ni maneno ya jeshi, ila si siri. Majeshi ya Marekani na NATO yamechapisha hadharani sehemu kubwa ya orodha zao. Kinachofichwa ni masafa, misimbo ya siku na namna ya kuthibitisha kwamba anayeongea ni mwenzao. Maneno yenyewe ni ya kufupisha tu: rubani anayekwenda kasi mno hana muda wa sentensi. "Bingo" ni kiasi cha mafuta kilichopangwa kabla ya kuruka. Kikifikiwa, lazima ugeuze urudi. "Joker" ni kiasi cha juu kidogo ya hapo, cha kukukumbusha kwamba bingo inakaribia. "Winchester" ni silaha zimeniishia. "Feet wet" ni niko juu ya maji, "feet dry" niko juu ya nchi kavu. Rubani akitoka Ujiji kuelekea ng'ambo ya ziwa angelisema la kwanza pale pwani inapoisha chini yake. "Angels ten" ni futi 10,000.

Baadhi ya maneno ya namna hiyo yalizoeleka kwa marubani wa Uingereza katika vita ya angani ya mwaka 1940 dhidi ya Wajerumani. "Tally-ho" lilikuwa yowe la wawindaji wa mbweha wanapomwona mnyama, wao wakalichukua kumaanisha nimemwona adui. Kutua waliita "pancake", chapati. Na kifaa cha kujibu rada, kinachosaidia kumtambua rafiki na adui, kilipewa jina la kasuku, Parrot. Ndiyo maana hadi leo mwongoza ndege akitaka rubani aweke msimbo wake wa tarakimu nne anamwambia "squawk", piga kelele za kasuku. Hilo ndilo neno la vita lililohamia moja kwa moja uraiani: 7700 ni dharura, 7600 redio imekufa, 7500 nimetekwa.

Kwa nini basi nakushauri usiyatumie, kama si siri? Kwa sababu kila moja ni jembamba kuliko linavyosikika. Chukua "tally". Siku hizi maana yake ni nimeiona shabaha, au ndege isiyo ya rafiki. Kumwona rafiki ni "visual". Kutomwona adui ni "no joy", kutomwona rafiki ni "blind". Ndege isiyojulikana ni "bogey", na iliyothibitika kuwa ya adui ni "bandit", na hata hapo bado si ruhusa ya kuipiga.

Tarehe 14 Aprili 1994, kaskazini mwa Iraq, ndege mbili za kivita za Marekani aina ya F-15 zilikutana na helikopta mbili. Rubani kiongozi akadhani ni za Iraq, zile zilizotengenezwa na Warusi zinazoitwa Hind. Akamtaka mwenzake naye apite karibu athibitishe. Mwenzake akapita, akasema anaona mbili: "Tally two". Alimaanisha hivyo tu, naziona helikopta mbili. Kiongozi alisikia uthibitisho kwamba ni za adui. Zilikuwa Black Hawk za jeshi lao wenyewe la Marekani. Wakafa watu 26. Helikopta zile hazikuwa kwenye masafa waliyokuwa wakitumia wale wa F-15, kwa hiyo hazikusikia lolote la kujitetea. Chanzo cha ajali ile hakikuwa kimoja, yalikuwa makosa mengi yaliyorundikana, lakini kila nikiisoma nakwama kwenye maneno hayo mawili. Watu waliosomeshwa, wenye vifaa bora duniani, walisemezana neno lao wenyewe na kila mmoja akaenda na maana yake. Sembuse mimi na wewe kwenye kiwanja cha vumbi.

Kuhusu redio kol za walinzi: hapana, hazitawasikia. Nyingi hufanya kazi katika masafa ya megahezi 136 hadi 174, au juu zaidi kuanzia 400, kwa mtindo wa FM. Mazungumzo ya ndege za kiraia yako kati ya 118 na 137, kwa mtindo wa AM. Hata yakikaribiana kwa namba, mitindo haioani. Watu huniuliza kwa nini anga limeng'ang'ania AM ya kizamani wakati FM ni safi zaidi. Sababu ni njema: wawili wakibonyeza pamoja kwenye FM, mwenye nguvu anammeza mnyonge, wala hutajua kuna mwingine aliyekuwa akiita. Kwenye AM utasikia mlio wa kukwaruzana, na hapo unajua kuna mtu amefunikwa, unamwita tena. Anayefunikwa anaweza kuwa ndiye mwenye shida.

Jeshi lina masafa yake ya anga, megahezi 225 hadi 400, nayo ni AM; na askari wa ardhini wengi duniani hutumia FM ya 30 hadi 88. Lakini helikopta na ndege za mizigo za kijeshi kwa kawaida hubeba pia redio ya masafa ya kiraia, la sivyo zisingeweza kutua kwenye viwanja vyetu. Kwa hiyo uliza mapema, kabla ya siku yenyewe, watakuita kwenye masafa gani. Leseni ya masafa ni kwa TCRA na mambo ya anga ni kwa TCAA. Hakikisha redio ya kiwanja chako na wewe unayeishika mmeruhusiwa. Na masafa haya husafiri kwa mstari ulionyooka. Helikopta ikija chini nyuma ya milima ya Mahale hutaisikia mpaka itokeze, hata ikiwa karibu, wakati ndege iliyo futi 10,000 utaisikia ikiwa zaidi ya kilometa 200. Usihangaike na vitufe ukidhani redio imeharibika.

Kuna masafa mawili ya dharura ya kuyajua: 121.5 kwa raia na 243.0 kwa jeshi. La pili ni la kwanza mara mbili kamili. Tarehe 3 Julai 1988 manowari ya Marekani, USS Vincennes, iliiangusha ndege ya abiria ya Iran Air katika Ghuba, wakafa watu 290. Ilikuwa imeiita mara kadhaa, lakini nyingi ya miito hiyo ilikwenda kwenye 243, na ndege ya abiria haina redio ya masafa hayo. Ile michache iliyokwenda 121.5 haikumtaja mlengwa kwa namna ambayo rubani angejua kwamba anaitwa yeye. Nawe ukiona helikopta hujui jina lake la wito, usiite "wewe ndege". Taja aina yake, iko upande gani wa kiwanja, inaelekea wapi.

Redio ikishindwa kabisa, ndege husemezana kwa miili. Ndege ya jeshi ikimsimamisha raia angani, hujiweka mbele yake juu kidogo upande wa kushoto, inatikisa mabawa, kisha inageuka taratibu kushoto: umesimamishwa, nifuate. Raia anatikisa yake kujibu, anafuata. Ikimwacha ghafla kwa kukata kona kali ikipanda, maana yake endelea na safari. Kigoma imeziona ndege za jeshi zamani sana, kabla redio ya sauti haijawa kitu cha kawaida angani. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zinazotua majini zilivuka ziwa zikaidondoshea mabomu bandari, zikiilenga Graf von Götzen ya Wajerumani, meli hiyo hiyo tunayoiita Liemba. Wakati huo sauti ya rubani kusikika ardhini ilikuwa bado jambo la majaribio.

Jambo moja la hatari katika maeneo yetu ya juu ni urefu. Ziwa lenyewe liko kama meta 770 juu ya bahari, na hapa Tabora ni kama 1,200. Kipimo cha urefu cha ndege hufanya kazi kwa mgandamizo wa hewa. Rubani aliyekiweka kwa QNH, yaani mgandamizo wa usawa wa bahari, anasoma urefu kutoka usawa huo. Aliyekiweka kwa QFE, yaani mgandamizo wa pale kiwanjani, desturi iliyozoeleka katika baadhi ya majeshi, anasoma sifuri akiwa amesimama kwenye kiwanja. Na ndege zilizotengenezwa Urusi au China zinaweza kuwa na vipimo vya meta badala ya futi. Kazi ya kumpa mgandamizo wa hewa si yako kama huna kifaa kilichopimwa. Lakini ukitaja urefu wa mnara wa simu ulio karibu, au wa mti, taja na kipimo kila mara: futi au meta, na kwamba ni kutoka ardhini.

Siku yenyewe, rubani atakuita, atasema yuko wapi na atafika lini, kisha ataomba hali ya kiwanja. Wewe si mwongoza ndege, kwa hiyo maneno "cleared to land" yasikutoke kamwe, hata akikubembeleza. Unatoa habari, uamuzi ni wake. Mwambie upepo unatoka wapi na kwa nguvu gani. Kama unakadiria kwa kuangalia mfuko wa upepo, sema unakadiria: "Wind from the lake, light, estimated." Mwambie njia ikoje: "Surface dry, dusty." Hilo la vumbi usilisahau, maana helikopta ikishuka kwenye vumbi la Agosti linapanda na kumfumba macho hatua chache kabla ya kugusa chini. Kuna ng'ombe, sema "Cattle on runway, north end, stand by." Wakiondoka, na umewaona kwa macho yako wakiondoka, sema "Cattle clear of runway." Turubai, mabati na ndoo tupu viondolewe mapema, na watoto wakae mbali.

Anza kwa Kiingereza, kwa sababu rubani wa watalii aliye njiani huenda hajui Kiswahili naye anahitaji kusikia. Ukikwama, sema Kiswahili kifupi kilichonyooka. Rubani wa JWTZ ni Mtanzania mwenzako, na kanuni za kimataifa zinaruhusu lugha ya kituo cha ardhini.

Mpaka siku hiyo ifike, fanya nilivyofanya mimi nikijifunza. Kaa kando ya barabara jioni, kila bodaboda ikipita soma namba yake kwa sauti kabla haijapotea kwenye kona: Mike Charlie, fowa eit tu, Delta Kilo Foxtrot. Mara ya kwanza zitakuponyoka nyingi. Wiki ya pili utaanza kuzikamata.